Kabla Mbuzi Hajachinjwa

Ikifika Desemba mosi huwa najua utani utaanzia wapi. Utaanzia kwa mlinzi wa getini, ofisini kwetu hapa Dar es Salaam: "Dada, tiketi umeshakata? Usije ukachelewa kuhesabiwa." Nikipanda ghorofa ya pili naukuta tena, umeongezewa chumvi. Eti Mchagga asipokwenda Moshi Krismasi anafutwa daftarini. Eti tunakwenda kuzindika biashara. Eti magari tunayoyapandisha mlimani ni ya kukodi, tunayarudisha Januari pamoja na madeni. Zamani nilikuwa nacheka. Tangu nivuke hamsini kicheko kimepungua, maana siku hizi watani wenyewe ni watoto wetu, waliozaliwa Kimara na Mbezi, nao wanayasema hayo kama wanaosimulia kabila la mbali.

Nianze na hilo la kuhesabiwa, kwa sababu lina chembe ya ukweli. Rombo nilikozaliwa na Marangu nilikoolewa, mtu huzikwa kihambani, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kati ya migomba na mibuni, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Mama mkwe wangu yuko pale nyuma ya nyumba. Kuanzia wiki ya tatu ya Desemba tunang'oa magugu, tunapaka chokaa, tunafagia majani yaliyoanguka mwaka mzima. Mtu mwenye wazee wake wamelala nyuma ya jiko hawezi kuambiwa Krismasi aile popote. Ndiyo maana tunasafiri zaidi ya kilomita 500, kwa basi kutoka Mbezi Luis, kwa gari la shemeji mwenye nafasi, na tangu treni ya Moshi irudi mwaka 2019, kwa treni pia. Huko ndiko kuhesabiwa kwetu.

Habari za mbuzi nitazipita. Kwamba wanaume huchinja, kwamba kila kiungo kina mwenyewe, kidari cha nani na shingo ya nani, hayo yameandikwa na kusimuliwa vya kutosha. Wamisionari wa Kijerumani waliyaandika, na wazee wetu wenyewe wakayaandika. Petro Itosi Marealle alitutolea kitabu kizima kwa Kiswahili kuhusu maisha ya Mchagga. Tohara nayo niipite, na mahari pia. Mgeni akija tarehe 25 anaonyeshwa mbuzi, anapiga picha, anarudi mjini akijua ameiona Krismasi ya Uchaggani. Ameikuta imeshaisha. Krismasi yenyewe ilikuwa wiki moja kabla, na ilikuwa ya wanawake.

Ilianza na ndizi. Kwetu kahawa ilikuwa ya baba. Chama cha ushirika, KNCU, kilipoanzishwa mwaka 1933, waliokwenda kupokea malipo walikuwa wanaume, na mama hakuulizwa fedha imekwendaje. Ndizi zilikuwa zake. Mgomba aliupanda yeye, akauwekea samadi ya ng'ombe aliyemkatia majani yeye, akauza mkungu sokoni, na senti zikafungwa kwenye pindo la khanga yake. Kwa hiyo pombe ya Krismasi, ambayo ni mbege, pombe ya ndizi, ilikuwa mikononi mwa wanawake tangu shina hadi kata. Wamisionari Wakatoliki walipofika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wakaingia Machame mwaka 1893, sikukuu ndiyo iliyokuwa ngeni. Mbege ilikuwapo.

Mbege haipikwi na mtu mmoja. Wanaodhani ni pombe tu hilo hawalielewi. Mikungu hukatwa mapema, ikavundikwa darini juu ya jiko mpaka iive kwa joto na moshi. Siku ya kupika wanakuja wanawake wa kihamba cha juu na cha chini, kila mmoja na kisu chake, maana kisu cha mwenzio hakikuzoei mkono. Tunamenya, tunajaza pipa, tunawasha magogo. Ndizi huchemka kutwa nzima mpaka rangi igeuke nyekundu kama udongo wa barabara yetu, kisha huachwa zipoe na kufunikwa kwa majani ya mgomba siku tatu, nne, mpaka ziwe nyangi. Huku ulezi ulikwisha kuloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa; huo hupikwa uji, ukatiwa gome la mti wa msesewe. Nyangi huchujwa, vikachanganywa vyote viwili, na kesho yake watoto wanaonja ikiwa bado tamu. Ukizidisha msesewe unakunja uso. Ukipunja, unakunywa uji. Kipimo hakijaandikwa popote. Kiko kwenye ncha ya ulimi wa mama mmoja au wawili wa kila kitongoji, na wengi wao wana zaidi ya miaka sabini.

Lakini ninachokililia ni maneno yaliyokuwa yakisemwa pale kwenye pipa. Mwanamke wa miaka hamsini ana mambo ambayo hawezi kumwambia mume, wala mtoto, wala mchungaji. Ukiwa na kisu mkononi na ndizi miguuni, huku kila mtu anatazama kazi yake, yanatoka. Pale ndipo nilipojua kwamba joto linalonipanda usiku si malaria. Mimi nilikuwa nimeshapima mara tatu. Mwenzangu mmoja, bila hata kuinua macho, akaniuliza: "Shuka unatupa saa ngapi?" Nikasema saa nane. Wote wakacheka, na mmoja baada ya mwingine wakataja saa zao. Tulizungumza magoti, tukazungumza vidonge vya presha, na binti aliyerudi nyumbani na mtoto bila kueleza. Waliookoka, ambao mbege hawaigusi, walikuja vilevile. Walimenya na kuondoka na chai. Hakuna aliyewauliza kwa nini wanamenya wasichokunywa.

Wiki hiyohiyo ndiyo tunayovunja kikoba. Chetu ni cha wake wa ukoo mmoja, wengine tuko mjini na wengine wako nyumbani, hisa zinatumwa kwa simu mwaka mzima, mikopo inatoka, faini zinaingia. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu wanaokaa mbalimbali. Tarehe 22 linafunguliwa barazani, fedha zinahesabiwa kwa sauti, kila mmoja anapewa gawio lake. Nusu ya sherehe mnazoziona tarehe 25, mchele, viatu vya wajukuu, rangi ya ukuta wa mbele, imetoka kwenye sanduku hilo. Anayesema Mchagga anakwenda nyumbani kuonyesha fedha za mjini angekuja barazani aone fedha za wauza ndizi.

Na hapo nina la kukiri. Miaka michache iliyopita, mimi nikiwa katibu, daftari na sanduku vilipishana laki mbili na themanini. Daftari lilisema zimo, sanduku likasema hazimo. Mweka hazina alikuwa wifi yangu, jirani wa kihamba cha chini, mtu niliyebeba naye majani ya ng'ombe kichwani miaka ile nilipokuwa bibi harusi, tukipanda kutoka tambarare tukipokezana kusukumana mgongoni. Sikumshtaki mbele ya watu. Nilifanya baya zaidi: niliwapigia simu wanawake wawili nikasema, "Sitaki kusema, lakini." Kufikia jioni kitongoji kizima kilikuwa kimesikia.

Usiku huohuo, tochi ya simu mkononi, nikapitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Rejesho la mwanachama mmoja nilikuwa nimeliandika mara mbili, mwezi wa Juni, na tena mwezi wa Julai, kwa mwandiko wangu mwenyewe mzuri. Hakuna shilingi iliyopotea.

Kwetu kuna mmea unaoitwa isale. Wageni wanauona kama ua la bustani tu, majani marefu ya kijani. Tunaupanda mpakani, kihamba cha mtu na cha jirani yake vitenganishwe nao. Tunaupanda makaburini. Na ukimkosea mtu, unakata jani lake unampelekea. Mwenye busara humtanguliza mtu wa kati, na wengine hulifunga fundo. Aliyeletewa isale hakatai. Akikataa, kosa linahama, linakuwa lake. Nimesoma mahali kwamba hiyo ni imani ya kichawi. Aliyeandika hivyo hajawahi kusimama mlangoni kwa mtu alfajiri akiwa na jani mkononi.

Sikutafuta mtu wa kati, aibu haikuniruhusu. Nilikata isale kwenye mpaka wetu sisi wawili, umande bado haujakauka, nikateremka. Wifi yangu alikuwa anachochea moto, ndiyo siku aliyopangiwa kupika. Aliniona, akaendelea kuchochea. Nilisimama mpaka miguu ikaniuma. Akanyanyuka, akaifuta mikono kwenye khanga, akalipokea jani bila neno, akalichomeka juu ya mlango wa jiko. Kisha akasema, "Wifi, kisu umekuja nacho?" Sikuwa nacho. Akanipa cha kwake.

Tarehe 22 barazani nilisoma kosa langu kwa sauti, nikalipa faini. Wale wawili niliowapigia simu walinyamaza, nami nikajua kwamba nao wataondoka na kitu cha kuwaza.

Sasa niseme la kuuma. Mwaka jana, katika nyumba nane zinazotuzunguka, pipa la mbege liliwekwa moja tu. Kwingine kulikuja gari na masufuria ya kukodi, wapishi wenye kofia nyeupe, kreti za bia na soda. Migomba imezungushiwa ukuta, geti la chuma limefungwa majuma hamsini, mlinzi ndiye mwenyeji. Wake za vijana wetu wanafika tarehe 24 jioni, wamechoka safari, kucha zimepakwa, sare ya kitenge imeshonwa Kariakoo kwa vipimo vilivyotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Wanapendeza, sikatai. Wanakaa viti vya plastiki vilivyovalishwa nguo, wanahudumiwa, wanapiga picha, na tarehe 27 wako njiani kurudi. Wakikoseana wanatoka kundini. Isale haitumwi kwa simu.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu binti yangu ameshanijibu. Alisema, "Mama, unalilia kazi. Nyinyi mlikuwa mnapika siku saba, baba zetu wanakunywa siku moja, halafu mnaosha vyombo." Nilinyamaza muda mrefu, maana ni kweli. Ni kweli pia kwamba mama mkwe wangu alilima kihamba kile miaka arobaini na hakikuwa chake hata upana wa kaburi. Sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, lakini nyumbani kwetu kihamba bado kinashuka kwa watoto wa kiume, na pombe inayonywewa kwenye vikao vya kukigawa tumeipika sisi. Sitaki hilo lirudi. Likifa nitalizika mimi mwenyewe, tena bila matanga.

Ila naona tumetupa kisu pamoja na maganda. Kazi ilipoondoka, iliondoka na kikao chake. Wanaume hawakupoteza kitu. Bado wana mbuzi wao, wanakutana nyuma ya nyumba, wanakata nyama taratibu na kuamua mambo ya ukoo. Sisi tulipopumzishwa jiko tulikaa kila mmoja na simu yake, na mwanamke anayetupa shuka saa nane za usiku leo anaiuliza intaneti, akiwa peke yake, na intaneti haimwambii kwamba wenzake saba kwenye kitongoji hichohicho wako macho.

Basi utani wenu endeleeni nao, mimi tiketi nimeshakata, ya tarehe 14. Juzi binti yangu alipiga simu kutaka namba ya yule mpishi wa kofia. Nikampa. Nikamwambia chakula cha tarehe 25 aagize atakavyo, wali, kuku, hata keki ya ghorofa tatu, sitagombana naye. Lakini yeye afike tarehe 19.

"Kuna nini tarehe 19?"

Nikamwambia wifi yangu ameshavundika mikungu sita darini, na pale jikoni kwake kuna kisu kimoja hakina mtu.

Akauliza kama kazi yenyewe ni ya siku nzima. Nikasema ndiyo, siku nzima. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ataangalia likizo.