Makala kidogo, sufuria ya kushibisha

Asubuhi moja tulifika katika mtaa mmoja wa komini ya Annexe tukiwa na karatasi zetu za mafunzo juu ya usuluhishi. Hatukuzifungua. Wamama wawili walikuwa wanagombana uani, mmoja mwenyeji, mwingine aliyekimbia vita upande wa Mitwaba. Huyu wa pili alikuwa ameazima makopo 2 ya makala ili awapikie watoto maharage. Majuma 2 yalipita, hakurudisha. Mwenyeji akasema: «Mlimaliza miti yetu, sasa mnamaliza na makala yetu.» Basi maneno yakatoka kwenye makopo 2 yakaingia kwenye kabila, na vijana waliokuwa wamekaa kando wakasimama.

Wazee waliwatuliza. Lakini tangu siku ile sisi watu wa uwanjani tumeingiza habari ya jiko katika vikao vya amani. Baadhi ya viongozi walicheka, wakasema hayo ni mambo ya wanawake. Tunawajibu hivi: baba asiyejua gunia la makala linakwisha kwa siku ngapi nyumbani kwake, hajui pia ugomvi wa uani kwake unaanzia wapi.

Annexe inazunguka mji wa Lubumbashi karibu pande zote: Kasapa, Kimbembe, Luwowoshi, Naviundu, Kasungami, Kisanga, Kalebuka, Munua. Anayefika bila kitu hutafuta chumba pembeni ya mji, ambako kodi ni ndogo. Wako waliotoka kati ya Mitwaba, Manono na Pweto katika miaka ambayo eneo lile liliitwa pembetatu ya kifo, na wako waliotoka Kasai baada ya vita vilivyoanza kule mwaka 2016. Wote wanakuta wenyeji ambao nao wanapika juu ya mbabula, kwa sababu umeme unakatika au haujafika kabisa.

Makala hayo yanatoka katika pori la miombo. Katika tanuru la udongo, ambalo ndilo wachomaji wengi wanatumia, zinahitajika kilo 5 hadi 10 za miti ili kupata kilo 1 ya makala. Kwa hiyo pori linasogea mbali, na mchomaji anasafiri zaidi kila mwaka. Mvua ikiharibu barabara, bei inapanda. Mkimbizi hakuyaanzisha hayo. Miti karibu na mji ilikuwa inakatwa zamani sana, tangu enzi za migodi ya Wabelgiji. Lakini ndiye anayefika mwisho, na anayefika mwisho ndiye anayeonekana.

Sasa tuje kwenye sufuria. Nyama ni ghali, na samaki pia si kila siku. Tumeona kwamba kinachoumiza familia nyingi ni aibu: mgeni akifika, utampaje majani matupu? Wengine wanakopa ili wanunue nyama ya siku moja, kisha wanakaa juma zima kwa bukari na chumvi. Hilo hatulikubali. Bukari ya mahindi pamoja na maharage au karanga inajenga mwili vizuri, kwa kuwa kile ambacho mahindi yamepungukiwa, maharage yanacho. Ukiongeza majani mabichi ya kijani na mafuta mekundu ya ngazi kidogo, mtoto anapata pia vitamini ya macho. Kamulia ndimu juu ya majani na maharage, kwa maana ndimu inausaidia mwili kuchukua madini ya damu yaliyomo. Chai kali uinywe baadaye, si pamoja na chakula, kwa maana inayazuia.

Kuna jambo moja ambalo hatutaki kulificha. Chakula cha mimea peke yake hakina vitamini B12. Mama mwenye mimba, anayenyonyesha, na mtoto mdogo wapate yai au samaki wadogo wakavu kila inapowezekana, hata wachache waliosagwa ndani ya mboga. Na mtoto aendelee kunyonya hadi miaka 2.

Maharage ndiyo yanayokula makala kuliko chakula kingine. Yaloweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine, chemsha kwa moto mkali muda wa nusu saa. Usipunguze hapo: maharage mekundu ambayo hayakuchemka sawasawa yana sumu inayoleta matapishi na kuhara. Baadaye ndipo kikapu kinaanza kazi.

Kikapu ni kitu rahisi, wala hakinunuliwi dukani. Chukua kikapu kikubwa au katoni nzito. Ndani yake panga nyasi kavu, matambara, vipande vya godoro la zamani, chochote kinachozuia joto lisitoke, unene wa kiganja kizima chini na pande zote. Acha shimo la ukubwa wa sufuria. Toa sufuria motoni ikiwa bado inatokota, imefunikwa na imejaa vizuri (sufuria nusu inapoa haraka), iingize, weka juu mto au blanketi lililokunjwa, kisha usifungue. Baada ya saa 3 au 4 maharage yameiva yenyewe. Yarudishe motoni yachemke tena, tia kitunguu, nyanya, chumvi na mafuta. Mara ya kwanza tulipoonyesha jambo hili, mzee mmoja alikaa karibu na katoni muda wote akingoja tuchomeke waya kwa siri. Mchele pia unaiva humo. Usiache chakula katika kikapu hadi kesho yake, kwa sababu kikiwa vuguvugu kinaharibika.

Wengine wanatia bikabonati ili maharage na sombe vilainike upesi. Kidogo tu, jamani, ncha ya kijiko. Ikizidi inaua vitamini, na ladha yake mnaijua.

Sombe tunaisema peke yake. Majani ya muhogo yana sumu ambayo inatoka yakitwangwa na kuchemshwa. Kwa hiyo twanga hadi yalainike kabisa, kisha chemsha bila kufunika, mahali penye hewa, ili mvuke utoke nayo. Baada ya hapo funika, na dakika za mwisho zinaweza kumaliziwa ndani ya kikapu. Muhogo mchungu wenyewe unahitaji kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa vizuri juani. Kule Kahemba, upande wa Kwango, watu waliokula muhogo ulioandaliwa kwa haraka wakati wa njaa walipata konzo, ugonjwa unaopooza miguu, na hauponi. Mkimbizi mwenye njaa anashawishika kufupisha siku za kuloweka. Viongozi, angalieni hilo katika familia zilizofika karibuni.

Katika kikao kimoja tuliuliza kila mama jani hilo linaitwaje kwao. Wa hapa wakasema sombe. Waliotoka Kasai: matamba. Wabemba: katapa. Aliyewahi kukaa Kinshasa akasema pondu. Halafu wakaanza kubishana juu ya mapishi, wengine na karanga, wengine bila karanga, na ubishi huo ulikuwa wa kucheka. Wabemba walitufundisha ifisashi: majani ya maboga, lengalenga au matembele yanachemshwa kidogo, yanatiwa nyanya na unga wa karanga mbichi zilizotwangwa, yanaachwa kwenye moto mdogo hadi mchuzi uwe mzito. Hayachukui muda, na makala ni machache. Sahani ile mgeni yeyote anapokea bila kuuliza nyama iko wapi. Lakini karanga zenye ukungu zitupwe, hata kama inauma, kwa maana ukungu huo una sumu ya ini ambayo moto hauiondoi.

Wengi wanataka kulima majani hayo nyuma ya nyumba, na ni vema. Lakini hapa Lubumbashi tuchague udongo. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza mwaka 1911, na vumbi na moshi wake vimeanguka juu ya mitaa kwa miaka mingi. Mwaka 2009 wachunguzi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Majani mapana yanashika vumbi, na mizizi inavuta madini toka ardhini. Kwa hiyo usilime juu ya tope la mgodi, kando ya mto unaopokea maji ya kiwanda, wala ukingoni mwa barabara ya malori ya madini. Pale ambapo hata nyasi hazioti, udongo wenyewe umekwisha kukuambia. Osha majani mara 3, kila mara kwa maji mapya, na tazama mchanga chini ya beseni. Kuosha kunaondoa vumbi. Kilichoingia ndani ya jani hakiondoki. Asiye na udongo mzuri ajaze gunia kwa udongo uliotoka mahali safi, auchanganye na mboji ya maganda ya mboga na majani makavu, apande lengalenga juu na kwenye matundu ya pembeni. Majivu ya mbabula yatiwe konzi moja tu, yakizidi yanachoma mimea.

Wale wamama 2 wa mwanzo? Deni lililipwa kwa kazi: yule mkimbizi alimshonea mwenzake kikapu cha matambara. Kamati ya mtaa nayo iliweka kopo moja la kupimia nyumbani kwa mzee anayeaminika. Anayeazima makala anapima kwa kopo lile, anarudisha kwa kopo lile, na siku inaandikwa katika kayee. Ugomvi wa namna hiyo haujaisha kabisa, wiki iliyopita tulisuluhisha mwingine, juu ya maji safari hii.

Familia au kamati inayotaka kuonyeshwa kikapu iseme na shefu wa mtaa wake, naye atatupasha habari. Njooni na sufuria yenye mfuniko, maharage yaliyolowekwa tangu jana yake, na matambara mliyo nayo. Makala tutatumia yetu, kopo 1.