Kufuli la mtandaoni: Nani alithibitisha halifunguki?

Chukua simu yako, fungua kikokotoo, zidisha 89 kwa 97. Umepata 8,633, sivyo? Sasa mpe beshte yako hiyo 8,633 peke yake, umwambie atafute nambari mbili ulizozidisha. Atajaribu 3, 7, 11, 13... mpaka chai ipoe.

Usicheke. Huo mchezo ndio umelinda siri za mtandaoni kwa miaka mingi. Mwaka wa 1977, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman waliunda kufuli linaloitwa RSA. Unachukua nambari tasa mbili kubwa ajabu na kuzizidisha. Jibu unalianika kila mtu alione, zile mbili unazificha. Siku hizi jibu hilo huwa na tarakimu zaidi ya 600. Kikokotoo chako hapo kinanyoosha mikono.

Kabla niache chuo, nilidhani kuna profesa mahali alishathibitisha kwamba kurudi nyuma kutoka kwa jibu hilo ni kazi isiyowezekana. Zii! Hakuna. Wataalamu wanaamini tu ni ngumu, kwa sababu wamejaribu miaka nenda miaka rudi na kompyuta za kawaida, wakakwama. Yaani pesa na meseji zako zinalindwa na dhana.

Na dhana huanguka. Mwaka huo wa 1977, jarida la Scientific American lilichapisha fumbo la RSA lenye nambari ya tarakimu 129, likisema kulivunja kungechukua mamilioni ya miaka. Zawadi ilikuwa dola 100. Lilivunjwa 1994, baada ya watu wapatao 600 kuunganisha kompyuta zao kupitia intaneti. Mamilioni ya miaka yakawa 17.

Hapo angalau kufuli lenyewe halikufa, nambari tu ndiyo iliyokuwa fupi. SIKE ndiyo ilizikwa kabisa. Hili lilikuwa kufuli jipya, tena lilikuwa bado kwenye mchujo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Mwaka wa 2022, watafiti wawili wa Ubelgiji, Wouter Castryck na Thomas Decru, walilivunja kwa takriban saa moja wakitumia kompyuta moja tu. Hawakuhitaji mashine ya ajabu. Walikuwa na hesabu ambayo wengine hawakuwa wameiona.

RSA nayo iko na adui anayejulikana. Tangu 1994, Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu yenye nguvu za kutosha ingeivunja. Mashine hiyo bado haijaundwa, lakini mtu anaweza kuiba meseji zako leo zikiwa zimefungwa, aziweke, angoje. Ndiyo maana NIST ilitoa viwango vipya Agosti 2024. Navyo pia vimesimama juu ya dhana, ila ni dhana nyingine.

Sasa wewe ufanye nini? Kwanza, simu ikikuomba usasishe programu, usiiambie "kesho". Makufuli mapya hufika kwa njia hiyo. Pili, ukisikia app inajigamba kwamba ina njia yake ya siri ambayo hakuna mtu wa nje amewahi kuijaribu, hepa. Kufuli la kuaminika ni lile ambalo maelfu ya watu werevu wamelipiga nyundo hadharani, na bado limefungwa.