'Heri ya Krismasi mama Rehema': Koma iko wapi?

Desemba iliyopita, mpwa wangu aliandika hivi katika kundi la WhatsApp la familia: 'Heri ya Krismasi mama Rehema!!!' Dakika chache baadaye dada yangu akanipigia simu, sauti imemkauka. "Yaani mtoto niliyemzaa ananiita Mama Rehema, kama majirani?"

Rehema ni kifungua mimba wake. Kumbe kijana alikuwa akiwasalimu watu wawili: mamake na dadake.

Kosa lilikuwa la uakifishaji tu. Anayeitwa au kusemeshwa moja kwa moja katika sentensi hutengwa kwa koma: 'Heri ya Krismasi, mama.' Wakiwa wawili, tunaandika: 'Heri ya Krismasi, mama na Rehema.' Aidha, herufi kubwa ilikuwa upande wa kijana. 'Mama Rehema' kama jina la mtu huanza kwa M kubwa, naye aliandika ndogo. Lakini siku hizi nani huamini herufi za simu?

Wapo wanaoshikilia kwamba koma hiyo si lazima, eti kwa kuwa tunaposema 'Krismasi njema mama' hatutui. Siafikiani nao. Tunaposema, mama yuko mbele yetu, tunamtazama, na sauti yenyewe inabadilika tunapomtaja. Kwenye maandishi hayo yote hayapo. Koma ndiyo inayoshika nafasi yake.

Kuna kosa jingine linalonikera zaidi, ingawa si la koma: 'Heri Krismasi' au 'Heri mwaka mpya', bila 'ya'. Neno 'heri' lina sura mbili. Kama nomino, maana yake ni baraka au fanaka, nalo huhitaji a-unganifu: heri ya Krismasi. Likisimama bila 'ya', mara nyingi huwa na maana ya 'afadhali', kama katika methali 'Heri nusu shari kuliko shari kamili.' Basi anayekuandikia 'Heri mwaka mpya' ni kama anasema afadhali mwaka mpya, na msomaji abaki akijiuliza: afadhali kuliko nini?

Kuhusu 'Mwaka Mpya', mimi hutumia herufi kubwa ninapotaja sherehe ya Januari 1: 'Heri ya Mwaka Mpya.' Ninapomtakia mtu miezi 12 ya ufanisi, naandika 'mwaka mpya wenye fanaka', kwa herufi ndogo. 'Krismasi', 'Pasaka' na 'Idi' ni majina maalumu, hayana mjadala. 'Njema' ni kivumishi tu, kwa hivyo 'Krismasi njema', isipokuwa kwenye kadi iliyoandikwa kama kichwa. Na alama ya hisi? Moja yatosha jamani, hata kwa mwenye furaha tele.

Kijana alifuta ujumbe wake, akaandika upya: 'Heri ya Krismasi, mama na Rehema.' Mamake akajibu papo hapo: 'Nawe pia mwanangu.'

Bila koma. Sikumsahihisha.