Majina ya Wazee Wetu wa Kurasini

Nataka kuwaeleza wenzangu wa shule habari ya majina niliyoyakuta nyumbani kwetu Kurasini wakati wa likizo ya Juni. Hapa bwenini tuna tabia ya kucheka jina la mwenzetu likiwa geni masikioni. Mimi nami nimecheka mara nyingi. Safari hii jina lenyewe lilikuwa la kwetu.

Habari ilianza hivi. Kiwanja chenye makaburi ya wazee wetu kilitakiwa kwa kazi za umma. Jambo hilo lina sheria yake, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, nayo inataka jamaa wapewe taarifa, na walipwe gharama za kufukua, kuchukua na kuzika upya, pamoja na gharama za matambiko au ibada zinazofuatana na kazi hiyo. Basi ikabidi fomu ijazwe: jina la marehemu, na uhusiano wake na mwenye kudai. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, mjomba akanipa kalamu. Makaburi yalikuwa manne, wala hayakuwa na maandishi yo yote, ila mawe tu kichwani na miguuni.

Nikaenda kwa bibi, mzaa mama, ambaye umri wake umepita miaka themanini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umeleta posa au umeleta maswali?"

Nikamwambia nimeleta maswali. Akanitajia majina manne bila kusita: Masika, Kondo, Sikudhani na Mtumwa. Nikastaajabu, maana katika ukoo wetu wa leo hakuna hata mmoja aitwaye hivyo.

Masika halina maneno mengi; alizaliwa wakati wa mvua kubwa. Sikudhani ndiye mama yake bibi. Alizaliwa mama yake akiwa amekwisha kata tamaa ya kupata mtoto mwingine, naye akasema "sikudhani", basi likawa jina. Nadhani ni jina zuri kuliko langu.

Kondo alikuwa kaka yake Sikudhani. Kwa Kizaramo neno hilo ni vita. Bibi alisimuliwa kwamba Kondo alizaliwa katika siku ambazo mizinga ilisikika kutoka baharini. Mwaka hakuujua, lakini mimi niliuona katika historia: tarehe 8 Agosti 1914 manowari za Waingereza ziliupiga mji wa Dar es Salaam, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Kurasini ipo kando ya mkono wa bahari wa bandari hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa alibeba tarehe yake katika jina.

Likabaki la nne. Mtumwa alikuwa mama yao Kondo na Sikudhani. Nilipoanza kuliandika, mjomba akanishika mkono. "Hilo usiandike. Andika Mwanaidi." Nikamwuliza Mwanaidi ni nani. Akasema si mtu ye yote, ila karatasi hiyo itasomwa na watu.

Hofu yake nilikuja kuielewa baadaye. Kwetu Wazaramo ukoo huhesabiwa upande wa mama. Mwanamke aliyeletwa kutoka mbali kwa kununuliwa hakuwa na ndugu wa kumtambua, na watoto wake walihesabiwa kwa bwana wake. Kama Mtumwa alikuwa mtumwa kweli, basi sisi sote tuliotoka kwake tungeambiwa hatuna kwetu. Na mambo hayo si ya kale sana. Wajerumani hawakufuta utumwa. Walitangaza tu kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 awe huru. Waingereza ndio walioufuta kisheria katika Tanganyika mwaka 1922.

Bibi aliposikia mabishano yetu alicheka mpaka akakohoa. Akasema mama yake Mtumwa alizika watoto watatu mmoja baada ya mwingine. Wa nne alipozaliwa, wakamweka katika ungo, wakampeleka jaani, jirani akajifanya amemwokota, kisha akamwuzia mama yake kwa pesa moja. Akaitwa Mtumwa, kusudi kifo kimdharau kimpite. Nacho kikampita, maana aliishi hata bibi akamjua.

Hili si jambo la pwani yetu peke yake. Huko Ghana, Waakan humwita mtoto wa namna hiyo Donkor, maana yake mtumwa, au Sumina, yaani jaa. Nao watumwa wenyewe mara nyingi waliitwa majina ya kupendeza: Almasi, Feruzi, Baraka, Mabruki. Yule Sidi Mubarak Bombay, aliyesafiri na Burton na Speke mwaka 1857, alikamatwa utotoni katika nchi ya Wayao akapelekwa India, na jina la mji wa huko likamganda. Kwa upande mwingine yuko Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mtu huru na mwanachuoni, aliyefundisha Kiswahili Berlin. Habari zake za desturi za Waswahili zilipigwa chapa mwaka 1903. Hakuna aliyemtafuta kwa kutoroka.

Mjomba hakuridhika. "Hayo ni maneno ya wazee," akasema. Ndipo bibi akaacha kucheka. Akamwuliza, siku ya mazishi ya Mtumwa ni nani waliotoka Kisarawe kwa miguu, wakakaa siku tatu? Yeye aliwaona kwa macho yake, naye alikuwa msichana mdogo. Walikuwa kaka zake Mtumwa, waliozaliwa baada yake. Na mahari ya Sikudhani ilipotolewa, hao ndio waliopokea fungu la wajomba. Mtu wa kununuliwa angewapata wapi?

Kisha akaongeza, "Na hata angenunuliwa kweli, ndiye aliyemzaa mama yangu. Andika."

Nikaandika. Wazee wetu sasa wamelala ng'ambo, upande wa Kigamboni, nasi tuliwapitisha juu ya lile daraja lililofunguliwa mwaka 2016. Fundi wa vibao alipofika jina la nne akaniuliza kama nimekosea herufi. Nikamwambia aandike vile vile. Mjomba alikuwa amesimama kando. Hakusema neno, akatoa fedha akamlipa.