Nani Kasema Rozari ni Sala ya Bibi?

Oktoba ikiingia, katika parokia nyingi za Tanzania sanamu ya Bikira Maria huanza safari ya nyumba kwa nyumba ndani ya jumuiya ndogo ndogo. Leo inalala kwa mwenyekiti, kesho kwa fundi cherehani, keshokutwa kwa bibi asiyeweza tena kutembea hadi kanisani. Wanaoisindikiza ni kina mama wa WAWATA, wazee wachache, na watoto waliokuja kwa kuwa mama zao wamekuja. Vijana? Utaambiwa wako mazoezi ya kwaya, wako kazini, au "wapo njiani". Ndipo hutolewa ile hukumu nyepesi kwamba sala hizi za zamani si za kizazi hiki, tuwatafutie vijana kitu chenye kinanda na spika.

Sikubaliani nayo. Katika ukanda wetu huu, waliozibeba sala hizo mabegani mara nyingi walikuwa vijana.

Tarehe 28 Novemba 1981, Alphonsine Mumureke, mwanafunzi wa miaka 16, alisema ametokewa na Bikira Maria katika bwalo la chakula la shule yao ya sekondari huko Kibeho, kusini mwa Rwanda. Wenzake walimcheka. Miongoni mwa waliomdhihaki zaidi alikuwa Marie Claire Mukangango, msichana mwenye ulimi mkali na asiyeamini jambo kirahisi. Machi 1982 naye akasema ametokewa, na akatoka na kazi ya kuwafundisha watu Rozari ya Mateso Saba.

Sala yenyewe haikuwa mpya. Watawa Watumishi wa Maria, shirika lililoanzia Florence mwaka 1233, walikuwa wameieneza kwa karne kadhaa. Ina mafungu saba, na kila fungu lina Salamu Maria saba: utabiri wa mzee Simeoni, kukimbilia Misri, kumtafuta Yesu kwa siku tatu, kukutana naye akiwa amebeba msalaba, kusimama chini ya msalaba huo, kuupokea mwili wake, kumzika. Yasome hayo kwa macho ya kijana. Aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hana haja ya kufafanuliwa maana ya kukimbilia Misri. Binti ambaye kaka yake aliondoka kwenda kutafuta maisha, na sasa kila akipiga simu haipatikani, anazijua siku tatu zile za kutafuta. Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alipotambua rasmi ushuhuda wa wasichana watatu wa Kibeho, Alphonsine na Marie Claire wakiwemo, tarehe 29 Juni 2001, Marie Claire hakuwepo kusikia. Aliuawa mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari.

Siku hizi tunawahimiza vijana wamwige Carlo Acutis, kijana Mwitalia aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025. Vema sana, lakini kabla ya kupanda ndege kwenda Italia tungepita kwanza Kibeho. Tungepita na Nairobi, alikozikwa Edel Quinn. Legio ya Maria, ambayo kijana wa leo huiona kama chama cha watu wazima, ilienezwa Afrika Mashariki na huyu binti wa Ireland aliyetumwa huku mwaka 1936 akiwa na miaka 29, mgonjwa wa kifua kikuu. Alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko hadi alipofariki mwaka 1944. Kikao cha Legio husali Rozari, kisha kila mwanachama hupewa kazi, kama kumtembelea mgonjwa au kumfuata aliyeacha kusali, na wiki inayofuata hutoa taarifa. Sala na kazi havitengani. Vijana wa VIWAWA, waliolelewa katika mbinu ya Kadinali Cardijn ya kuona, kuamua na kutenda, wangejisikia nyumbani humo.

Basi wamekimbia nini? Nadhani wanakimbia namna tunavyowapa. Katika mikutano mingi ya vijana baada ya misa ya pili, Rozari ni ya kujazia muda tu wakati akidi haijatimia. Mlezi huiongoza mwenyewe, kwa kasi ya konda anayeita abiria, na matendo hutajwa bila hata sentensi moja ya kuyatafakari. Kijana anayechoshwa na hayo tunasema hana imani.

Linganisha na Ijumaa Kuu. Njia ya Msalaba inapoigizwa barabarani, vijana haohao hushona kanzu, hutafuta mbao, hugombea sehemu, na dereva wa bodaboda hujifunza maneno yote ya Pilato. Vituo ni vilevile 14 vilivyosaliwa kila Ijumaa ya Kwaresima mbele ya mabenchi yasiyo na kijana. Tofauti ni kwamba siku hiyo wamekabidhiwa.

Mikesha ya sifa siipingi. Ila inampendelea mwenye sauti na ujasiri wa kushika maikrofoni. Yule mkimya wa benchi la nyuma, asiyejua aanzie wapi kumwambia Mungu kwamba amekosa ajira mwaka wa tatu sasa, Rozari humpa maneno na zamu inayolingana na ya kila mtu. Tena kuna mahali kijana anamzidi mzee. Yohane Paulo wa Pili alipoongeza Matendo ya Mwanga mwaka 2002, wazee walikuwa wameshazoea matendo 15. Wapo ambao hadi leo, ikifika Alhamisi, hukwama baada ya harusi ya Kana, na anayewanong'oneza ni mjukuu.

Kwa hiyo, Baba Paroko na walezi, mnapopanga ratiba ya Oktoba, wapeni vijana tendo la kwanza, msiwaachie la tano watu wakiwa wameanza kusinzia. Waacheni waandae tafakari fupi kwa lugha yao, na wao ndio waamue sanamu ilale nyumba ipi. Nanyi vijana, zamu yenu ikifika, fikeni kwa wakati.