Kijana wa Chuo Kikuu na Habari za Chanjo

Vijana wetu wanaporudi likizo kutoka chuo kikuu huwa ndio daktari wa nyumba. Hakuna ubaya. Lakini kijana aweza kuwa hodari wa kutafuta habari katika simu, asiwe hodari wa kuzipima. Akina mama hutujia kliniki wakisema, "Sista, mwanangu wa chuo amesoma kwamba chanjo ya surua inaleta usonji."

Ni kweli jambo hilo liliandikwa. Mwaka 1998, daktari Andrew Wakefield na wenzake walitoa makala katika The Lancet, jarida la Uingereza linaloheshimika, wakidokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huenda inahusiana na usonji. Msomaji makini angeuliza kwanza: walichunguza watoto wangapi? Walikuwa 12 tu! Angeuliza pia habari za fedha. Mwaka 2004 mwandishi Brian Deer alifichua kwamba Wakefield alilipwa kupitia mawakili waliokuwa wakiwashtaki watengenezaji wa chanjo. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Huko Denmark watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, na mwaka 2019 walieleza kwamba waliochanjwa hawakupata usonji kuliko wasiochanjwa.

Linalowapotosha vijana ni hili: makala iliyofutwa haichomwi moto. Bado inasomeka, ila imewekewa alama kwamba imefutwa. Aliyetumiwa kipande tu na rafiki haioni alama hiyo. Basi aitafute makala yenyewe katika PubMed, orodha ya Marekani isiyo na malipo, aone kama imefutwa na wengine wamepata nini baada yake. Majarida ya kulipia amwulize mkutubi wa chuo habari za Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002 ili vyuo vya nchi maskini viyapate bure au kwa bei ndogo. (Kumwuliza mkutubi si aibu, ndiyo kazi yake.)

Wakati kijana anatafuta, kadi ya mtoto isisubiri. Surua huleta nimonia, kuharisha, hata upofu. Hapa Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18.