Uvimbe wa taya kwa watoto: tusicheleweshe tiba

Juma hili tunazungumzia maradhi yanayowaandama watoto wetu, ambao ni amana mikononi mwetu. Katika nchi za joto na mvua nyingi, likiwamo Bonde la Kilombero, huweza kutokea mtoto akaanza kuvimba shavu na jino likalegea. Wazazi husema ni jino bovu, au ni jicho la hasidi. Wiki chache zikipita, uso huwa umeharibika.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini. Mwaka uliofuata aliandika habari za maradhi hayo, ambayo leo huitwa saratani ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, wakipita Tanganyika na kuuliza hospitali kwa hospitali. Walibaini kwamba uvimbe huo huonekana zaidi kwenye nchi za chini zenye joto na mvua, na huwa nadra milimani. Malinyi na Ifakara, zilizo katika tambarare za mpunga, ni nchi ya namna hiyo hasa.

Ili tuyaelewe maradhi haya, hatuna budi kutazama ndani ya seli. Mwili hukua kwa seli kugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Seli ya binadamu ina kromosomu 46 zenye maagizo ya urithi, nazo hunakiliwa zote kabla ya mgawanyiko. Anayesimamia ugawaji huo ni kitu kidogo mno kilicho kando ya kiini cha seli, kiitwacho sentrosomu, jina alilokipa mtaalamu wa Ujerumani, Theodor Boveri, mwaka 1888. Sentrosomu hujizidisha mara moja tu, zikawa mbili. Kila moja huenda upande wake, na kutoka hapo huchipuka nyuzi zinazozishika kromosomu na kuzivuta, nusu huku na nusu kule. Ni mithili ya wagawaji wawili wa mirathi, kila mmoja akitoa fungu lililo sawa na la mwenzake.

Zikiwapo sentrosomu tatu au nne, nyuzi huvutana ovyo. Seli moja hupata kromosomu pungufu, nyingine hupata za ziada. Nyingi ya seli hizo hufa, lakini baadhi huishi na kuasi. Mwaka 1914 Boveri alieleza kuwa huenda saratani huanzia katika ugawaji mbovu wa kromosomu, na leo sentrosomu za ziada huonekana katika aina nyingi za saratani.

Je, hayo yanahusianaje na uvimbe wa taya? Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr, huko London, walitangaza kuwa wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda. Kirusi hicho huenea kwa mate, na watu wengi mno duniani wanacho bila kudhurika. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa protini yake moja huweza kuzidisha sentrosomu katika seli. Hata hivyo, kirusi peke yake hakitoshi. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli za kinga zigawanyike bila kupumzika, na katika harakati hizo vipande vya kromosomu huweza kukatika na kuungwa pasipo pake. Jeni inayoamrisha seli kukua, iitwayo MYC, ikiangukia mahali hapo huamrisha bila kukoma. Ndipo seli za uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Kasi hiyo inatisha, lakini ndimo pia lilimo tumaini, kwa kuwa dawa za saratani hushambulia zaidi seli zinazogawanyika. Mojawapo, vinkristini, asili yake ni ua dogo la Madagaska ambalo wengi hulipanda nyuani kama pambo. Dawa hiyo huzizuia nyuzi tulizozitaja zisijengeke, na seli ya saratani ikafa. Watoto wengi wanaowahishwa hupona. Wanaocheleweshwa, maradhi huweza kuwafikia uti wa mgongo na ubongo.

Tunafahamu uzito wa jambo hili kwa familia za Malinyi. Msimu wa kilimo wengi huhamia mashambani, na masika barabara hazipitiki kwa urahisi. Pamoja na hayo, mtoto akivimba taya, jicho au tumbo, asichanjwe chale wala kung'olewa jino kabla ya kuchunguzwa. Apelekwe upesi Hospitali ya Lugala, hapo Malinyi, au ya Mtakatifu Fransis, Ifakara, na wazazi waulizie rufaa ya Muhimbili, ambako watoto wenye saratani hutibiwa. Chandarua chenye dawa nacho kiende shambani pamoja na jembe. Tena asilaumiwe mama wala kushukiwa jirani.

Dini yetu inatuhimiza kutafuta dawa, na dua haigombani na matibabu. Basi tuwaombee watoto wetu shifaa tukiwa njiani kwenda hospitali.

Wabillahi tawfiq.